Betri ya Pikipiki Namba Tatu Haijafa

Idara ya Uhakiki wa Vibali inapenda kuujulisha umma kwamba betri ya pikipiki yake namba tatu haijafa. Imesinzia tu, na kusinzia kwake kunafuata taratibu. Pikipiki namba moja na namba mbili hazikuwahi kununuliwa, lakini idara yenye hadhi haiwezi kuanza kuhesabu vyombo vyake kutoka moja kama mtu aliyeanza maisha juzi.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni Jumatatu, na wa kwanza kulisoma alikuwa Mama Bahasha, tarishi wa idara, aliyepeleka barua za ofisi kwa pikipiki hiyo miaka kumi na moja. Alilisoma huku akihema, maana alikuwa anatoka kuisukuma. Kila jioni aliiegesha bandani ikiwa nzima. Kila asubuhi akibonyeza stata, kimya, na honi inatoa sauti ya mtu aliyepaliwa na chai.

Msidhani idara ilikaa tu ikitazama. Iliundwa Kamati ya Kudumu ya Kubaini Inakokwenda Chaji, wajumbe tisa, wote wasiowahi kupanda pikipiki, ili pasiwe na upendeleo. Kamati ilimhoji mlinzi. Ikaiandikia betri barua ya kujieleza ndani ya siku saba, na betri ilipokaa kimya, kimya chake kikaingizwa kwenye jalada. Kisha ikatoa Ratiba ya Kusukuma: Jumatatu uhasibu, Jumanne masjala, Jumatano utumishi, na kadhalika. Mkurugenzi aliondolewa kwenye ratiba kwa sababu ya mgongo.

Baada ya wiki tisa Kamati ikapata jibu. Mkosaji ni Mama Bahasha, kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho kuonekana akiwa na chaji. Barua aliyopewa ilikuwa fupi: pikipiki isipowaka yenyewe Ijumaa asubuhi mbele ya Mkaguzi kutoka makao makuu, atavuliwa udereva na kupelekwa stoo ya chini kugonga mihuri. Stoo hiyo haina dirisha. Ilimuuma jamani, tusifichane. Alikuwa mtu wa barabarani, wa kusalimiwa na kila muuza duka, na sasa anaambiwa akazeeke na panya.

Alhamisi mchana akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi pikipiki wa mtaani.

"Betri mmeshabadilisha, shemeji?"

"Mara tatu. Zote zimefanya hivyohivyo."

"Na hiyo kamati inasemaje?"

"Inasema betri za siku hizi hazina malezi."

Fundi akacheka, akafungua siti. Akasafisha vichwa vya betri na kuvikaza, akaangalia maji, yapo. Akamsukumisha shemeji yake hadi injini ikawaka, akapima: inachaji vizuri kabisa. Akairudisha bandani, akaizima.

"Sasa iache kama mnavyoilaza kila siku."

Mama Bahasha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaokota waya mwembamba mweusi uliokuwa ukining'inia ukutani na kuuchomeka chini ya siti. Fundi akafungua waya wa hasi wa betri, akaweka mita katikati. Mita ikapanda.

"Shemeji, pikipiki imezimwa na kuna mtu anakunywa humu. Huo waya wa nini?"

"Wa usalama. Kuna waraka. Kila nikiegesha nichomeke, asubuhi nichomoe. Tangu mwezi wa tatu."

"Na betri ilianza kusinzia lini?"

Mama Bahasha akahesabu kwa vidole. Mwezi ulikuwa huohuo wa tatu.

Wakaufuata. Ulipita nyuma ya bomba la maji ya mvua, ukapanda ukuta, ukaingia dirisha la kwanza. Wakachungulia. Ndani, Mkurugenzi alikuwa amejilaza kwenye kiti kipana cha ngozi chenye mota ya kukanda mgongo, macho amefumba, mashavu yakitetemeka polepole. Ikumbukwe kwamba Mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyesaini waraka wa kupiga marufuku vifaa vya starehe kwenye umeme wa ofisi, na feni za watu zikakusanywa. Waraka wake mwenyewe aliutii kikamilifu. Umeme wa ofisi hakuugusa. Kuzima tu ndiko alikosahau, kila jioni.

"Uchomoe, kesho iwake, yaishe," fundi akanong'ona.

"Nikiuchomoa kesho, Jumatatu naletewa waraka mwingine. Acha. Aje Mkaguzi aone mwenyewe."

"Asipoona?"

"Basi utanitembelea stoo."

Usiku huo hakupata usingizi.

Ijumaa akaja Mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye kitabu cha kanuni kilichochakaa kwa kusomwa. Mama Bahasha akabonyeza stata. Kimya. Mwenyekiti wa Kamati akakohoa, akafunua karatasi ya uhamisho.

"Mama, samahani," Mama Bahasha akamwambia Mkaguzi. "Kabla sijapelekwa stoo, naomba tuufuate huu waya."

Wakaufuata kwa mstari mmoja, Mkaguzi mbele, wajumbe tisa nyuma, hadi dirishani, kisha wakazunguka na kuingia mlangoni. Mkurugenzi akawatazama huku akitikisika, nusu kwa mshtuko na nusu kwa mota iliyokuwa ikimalizia chaji ya mwisho.

"Kiti hiki kinatumia betri ya chombo cha ofisi," alisema Mkaguzi. "Hayo ni matumizi binafsi. Adhabu yake ni kufukuzwa kazi."

Lakini Mkurugenzi hakufika cheo kile kwa bahati. "Si matumizi binafsi," alisema. "Kiti hiki ni sehemu ya pikipiki. Ni siti ya abiria, ya ziada."

"Kamati ililiona hilo mapema," alisema Mwenyekiti, aliyelisikia muda huohuo.

Mkaguzi akayaandika maelezo hayo, akamsomea, Mkurugenzi akasaini kwa mbwembwe. Mama Bahasha akaona yamekwisha. Mzee kateleza kama sabuni, na stoo inamngoja yeye. Mkaguzi akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Tuendelee basi. Abiria wa pikipiki huvaa helmeti wakati wote. Yako iko wapi?"

Ikaletwa ya Mama Bahasha. Ilimbana masikio.

"Pili, abiria haruhusiwi kukaa kwenye chombo kama dereva mwenye leseni hayupo jirani. Nani hapa ana leseni ya pikipiki?"

Wajumbe tisa wakaangalia viatu vyao. Mama Bahasha akanyoosha mkono.

"Huyu ndiye mnataka kumpeleka stoo?" Mkaguzi akamgeukia Mkurugenzi. "Akienda, wewe hukai."

Uhamisho ukafutwa palepale, kwa saini ya Mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa amesimama. Wiki iliyofuata kiti kilifungwa vioo viwili vya pembeni na namba ya usajili. Waya huchomekwa na dereva, kwa muda atakaoona unafaa, na asubuhi pikipiki inawaka kwa mguso mmoja. Kamati haijavunjwa. Sasa inachunguza kwa nini inawaka.

Ukienda ofisini kwake siku hizi saa tano asubuhi, utamkuta Mkurugenzi amesimama katikati ya chumba, helmeti kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu, anasaini barua kwa kuegemea kabati. Usimkaribishe kukaa, utamwaibisha.

"Dereva wangu ametoka kidogo," atakuambia.

Na Mama Bahasha, aliyemaliza kugawa barua zote tangu saa tatu, yuko barabara ya sokoni akizunguka mara ya nne, taratibu, anasalimia watu. Shemeji yake alimwambia aendeshe sana, betri ijae.