Vita vya Dodoso la Arobaini

Nyamazeni, enyi mlio mezani na mlio jikoni. Mwenye redio aipunguze, mwenye mtoto ambembeleze kwanza, kwa maana ninayoyaleta leo si mambo ya kusikilizwa kwa sikio moja. Naleta habari za wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, Simba Jike wa Maktaba, Mshinda Foleni, Mwenye Miwani Mbili, moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ile ya kusomea. Na jinsi siku ya Ijumaa alivyotoka nyumbani akiwa na madodoso thelathini na tisa, akaapa kwamba jua halitafika utosini kabla hajayatimiza arobaini.

Nami nayasema niliyoyaona, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa mbeba mwavuli wake. Kwa kazi mimi ni fundi cherehani. Nililifunga duka langu nikiacha mezani gauni la harusi ambalo sijalitia mikono, kwa sababu kaka alinishika bega akaniambia, “Nenda naye, mdogo wangu. Akizimia njiani, awepo mtu.”

Fahamuni kwanza chanzo cha vita. Miaka sita wifi alikuwa akifanya utafiti wa uzamivu, na utafiti wenyewe uliitwa Dhima ya Lugha ya Kufundishia katika Ujenzi wa Uelewa wa Kimazingira miongoni mwa Wanafunzi wa Shule za Msingi katika Nchi Zinazoendelea: Mkabala wa Kiisimujamii na Kiikolojia. Kila mgeni aliyeingia kwetu na kuuliza shemeji anasomea nini, alitajiwa jina hilo lote, naye akasema “Ahaa,” akaomba maji ya kunywa. Madodoso, yaani zile karatasi za maswali, aliwagawia walimu arobaini, na thelathini na tisa wakarudisha. Lakini katika pendekezo lake la utafiti aliandika arobaini, na Profesa msimamizi wake, Mzee wa Marekebisho, alikwishatamka neno lisilopinduka: arobaini ni arobaini. Ijumaa saa sita mchana muda wake chuoni ulikuwa unakwisha. Likikosekana moja, jina lake linafutwa kwenye orodha, na miaka sita inakwenda na maji.

Basi tulijifunga vibwebwe tukashika njia, tukaifikia ngome iliyomficha adui wetu: shule ya msingi iliyo kando ya kijito, nyuma ya tanuri la matofali. Langoni alikaa mlinzi na daftari la wageni. Kwenye kijisanduku cha sababu ya ujio, wifi aliandika jina la utafiti wake lote, likajaa, likamwagika kwenye mistari ya wageni watatu ambao walikuwa hawajafika.

“Mama,” mlinzi akasema akilitazama daftari lake kwa huruma, “hapa watu huandika tu ‘kumwona mwalimu’.”

Tukapita. Na hapo, katika darasa la nne, mbele ya watoto hamsini na nane waliobanana watatu watatu kwenye kila dawati, tukamkuta yeye aliyelishika dodoso la arobaini: mwalimu mfupi, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, Mlezi wa Klabu ya Mazingira, Mlinzi wa Kila Kipande cha Karatasi. Dirishani kwake chupa za plastiki zilizokatwa shingo ziliotesha miche, na kabatini karatasi zilizokwishatumika zilipangwa kwa ukubwa, zikabanwa kwa jiwe.

“Mwalimu, habari za siku,” wifi akaanza. “Nimefuata lile dodoso langu. Umeshalijaza?”

“Nimelitumia,” akajibu mwalimu.

“Umelitumiaje?”

Mwalimu akainua jiwe, akachomoa karatasi nne, akazigeuza. Ole wetu! Chuo kilikuwa kimeagiza madodoso yachapwe upande mmoja tu, na mgongo uachwe mtupu. Na katika nyumba ya Klabu ya Mazingira hakuna karatasi yenye mgongo mtupu inayosalimika. Nyuma ya maswali yale ya kitaalamu juu ya utunzaji wa mazingira, watoto wanne wa darasa la nne walikuwa wamefanyia jaribio la wiki. Palikuwa na penseli, palikuwa na ufutio uliotoboa, na pembeni palikuwa na alama ya dole gumba lililoshika kitu chenye mafuta.

Wifi aliketi. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, nami nikaufungua mwavuli bila kujua ninaufungulia nini. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo.

“Lakini mbele bado ni pazima,” akasema wifi. “Mwalimu, nakuomba. Dakika ishirini tu. Weka tiki, weka tiki, basi.”

Ndipo mwalimu akajipangusa chaki mikononi, akasimama wima katika ufupi wake wote, akanena maneno ambayo wajukuu wa darasa lile watayakumbuka:

“Dada yangu, nina miaka kumi na tisa mbele ya ubao huu. Watafiti watano wamepita hapa. Mmoja alihesabu vyoo, mmoja alihesabu miti, mmoja alikaa wiki nzima akituandika hata tukipiga chafya. Wote niliwajazia, tena kwa mwandiko mzuri. Mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini, wala kama walikipata. Hili lako, swali la saba nimelisoma mara tatu. Mara ya nne nikampelekea mwalimu mkuu, akaniambia ana kikao. Sasa leo sijazi nisichokielewa. Watoto hawa hapa. Waambie unatafuta nini. Wakielewa wao, nitakuwa nimeelewa na mimi, na nitajaza mpaka nukta ya mwisho.”

Enyi wasikilizaji, wifi yangu amesimama mbele ya jopo la maprofesa saba bila kutikisika. Amehutubia ukumbi wenye vipaza sauti. Lakini alipogeuka akayaona yale macho hamsini na nane mara mbili, nilimwona akishika ukingo wa meza. Hata hivyo alipiga moyo konde, akashambulia.

“Wanafunzi wapendwa, utafiti huu umejikita katika kubainisha dhima ya lugha ya kufundishia kama nyenzo ya ujenzi wa maarifa ya kiikolojia. Mmeelewa?”

“Ndiyooo!” wakajibu wote kwa pamoja, kwa sauti iliyotikisa miche dirishani.

Wifi akanigeukia uso ukimeremeta, akidhani ushindi umekuja mapema hivyo. Mwalimu akamnyooshea kidole mtoto wa dawati la mbele, msichana mwenye kitambaa cha jeraha gotini.

“Haya, mgeni amesema nini?”

Msichana akasimama. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akatazama dari tena.

“Amesema tumeelewa,” akajibu.

Jeshi letu likarudi nyuma. Wifi akapanga mashambulizi ya pili, akatupa istilahi tatu akabaki na tano. Watoto wakajibu “Ndiyooo” kwa adabu ileile. Ya tatu akachora ubaoni maduara mawili na mishale, na watoto wote wakafungua madaftari wakaanza kuinakili ile mishale. Saa nne na nusu ikapita. Jasho lilimtoka, miwani ikateleza, na mimi, nisiyejua uzamivu isipokuwa wa kuzamisha sindano, nilitamani nimpe bega la kulilia.

Ndipo katika kutafuta pa kushika, mkono wake ukaangukia zile karatasi nne, upande wa nyuma. Akasoma. Jaribio lilikuwa swali moja tu, kwa nini kijito chetu kinapungua maji, lakini mwalimu alikuwa ameliuliza mara mbili: juu kwa lugha ya shule, chini kwa lugha ya nyumbani. Juu, watoto wote wanne walikuwa wameandika jibu lilelile moja, neno kwa neno kutoka kitabuni: mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka. Chini, hawakutosheka na nafasi. Mmoja aliandika kwamba wenye tanuri wanachimba udongo kwenye ukingo, na miti ya juu imeingia motoni kuchoma matofali, na jiwe ambalo bibi yake alikuwa anafulia akiwa msichana, maji yakimfika vifundoni, sasa kuku hulala juu yake. Mwingine alichora ramani.

Wifi akavua miwani. Akaufuta ubao, maduara na mishale yote, hata watoto wakaacha kunakili. Halafu akasema polepole, kwa lugha ile tunayoombea chumvi nyumbani:

“Nyinyi mnajua mambo mengi ya kijito hiki. Mkiulizwa kwa lugha ya nyumbani, mnayasema. Mkiulizwa kwa lugha ya shule, mnanyamaza, au mnatupa maneno ya kitabu. Mimi nataka kujua ni mambo mangapi mnayajua, na sisi wakubwa hatujawahi kuyasikia. Ndiyo kazi yangu. Hiyo tu.”

Safari hii hakuna aliyeitikia “Ndiyo.” Yule msichana wa kitambaa gotini aliinua mkono.

“Kwa hiyo mgeni, sisi siyo wajinga?”

“Hapana, mama,” akasema wifi. “Ni sisi tumekuwa tukiwauliza vibaya.”

Basi mikono ikaota darasani kama nyasi baada ya mvua. Kila mmoja alikuwa na lake la kijito: vyura waliohama, mfereji ulioziba, mjomba anayevua kwa dawa. Wengine walisema wote kwa pamoja, na mwalimu akawaacha. Mimi nililia, sifichi, nikajipangusa kwa mkono ulioshika mwavuli.

Naye Mlinzi wa Karatasi, mtu wa ahadi, akaketi akajaza. Alijaza kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na wino, tiki baada ya tiki, na kwenye swali la saba akaandika: halieleweki, lirudiwe.

Saa tano na dakika ishirini tulitoka langoni mbio. Sitasimulia vumbi lile, wala kisigino cha kiatu changu kilichobaki njiani mpaka leo, wala ngazi za ghorofa tatu zilizopandwa na wanawake wawili wa makamo wakitweta kama mapampu. Dakika nne kabla ya saa sita tuliingia ofisini kwa Profesa. Katibu muhtasi alikuwa ameshafungia mhuri kwenye mtoto wa meza.

“Utoe tu, dada yangu,” nikamwambia. “Leo kuna kazi.”

Profesa akavaa miwani yake, akahesabu. Alihesabu kwa kulamba kidole, moja, mbili, tatu, nasi tukihesabu pamoja naye moyoni, mpaka thelathini na tisa, na baada ya thelathini na tisa, akaweka juu ya meza zile karatasi nne zenye wino mwekundu na doa la mafuta, akasema, “Arobaini.”

Kisha akazigeuza.

“Hapa nyuma pamechafuliwa.”

“Hapo nyuma ndipo penye majibu, Profesa,” akasema wifi.

Mzee wa Marekebisho akasoma. Alisoma habari za tanuri, akasoma za lile jiwe la kufulia, akaigeuza ramani huku na huku mpaka akaiona kaskazini. Saa sita ikagonga, na hakuna aliyeijali.

“Sasa hebu niambie,” akasema hatimaye. “Kwa ufupi kabisa. Umegundua nini?”

Wifi akamwambia. Alimwambia vilevile alivyowaambia watoto wa darasa la nne, bila kuongeza neno. Profesa akaegemea kiti, akamtazama kama mtu aliyeletewa mzigo wake uliopotea.

“Lakini hili liko wazi kabisa!” akasema. “Mbona hukuliandika hivi tangu mwanzo?”

“Niliandika hivyo, Profesa. Mwaka wa kwanza, ukurasa wa kwanza. Ukaniandikia pembeni: ongeza istilahi.”

Katibu muhtasi akainamisha kichwa mezani, mabega yakimcheza. Profesa alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akaivaa, akaitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Halafu akatia sahihi.

Na ijulikane basi kwa wote watakaokuja nyuma yetu, wasomi na wasiosoma, kwamba katika Ijumaa hiyo, saa sita na dakika saba, mhuri ulishuka juu ya dodoso la arobaini, pande zote mbili.