Alama 28 za Binti wa Fundi Cherehani

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: ALAMA 28 ZA HISABATI

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi ya kusahihisha. Ni mimi, fundi ninayeshona sare za wanafunzi wako. Ripoti ya kitindamimba wangu imefika: Hisabati 28, arudie darasa. Tangu jana hataki kula, na mimi nimejichoma sindano mara tatu kwa hasira. Nimemwahidi kwamba barua hii itamaliza mambo.

1. Mtoto huyu ndiye anayenipimia wateja. Juzi alimpima mama mmoja anayebana pumzi kila akiona futi ya kupimia. Binti akaongeza inchi mbili kimyakimya, na gauni likamkaa sawasawa. Mbona swali hilo hamkumuuliza?

2. Sayansi amepata 71. Mwalimu wa Sayansi alihama muhula uliopita na hajaletwa mwingine mpaka leo. Naomba jina la aliyemfundisha, nikamshukuru.

3. Mwalimu wa darasa ameandika: "Ajitahidi zaidi." Dada yake aliandikiwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita. Mtoto wa jirani, aliyekuwa wa kwanza, naye ajitahidi zaidi. Nashuku huo ni muhuri.

4. Kwa kuwa kufundisha na kufundishwa ni kazi ya watu wawili, hizo 28 si za mtoto peke yake. Naomba zigawanywe: kumi na nne zake, kumi na nne za mwalimu wake, kisha wote wawili warudie darasa.

5. Ukibisha, ushahidi utauvaa mwenyewe. Suruali yako ya kikao cha wazazi amekupima yeye, ameandika vipimo yeye, amekata na kushona yeye. Mimi sikugusa mkasi. Ikikukaa vizuri, futa 28, andika 100.

Nisalimie walimu wote, waliopo na waliohama, pamoja na mlinzi wa getini na mpiga kengele.

Wako katika uzi na sindano,
Baba wa mwanafunzi

Tanbihi: Sasa hivi nimeikunjua suruali yako niipige pasi. Urefu wa inchi 41 binti aliandika 14, na akakata 14. Nimemuuliza kama hakushangaa. Amesema alishangaa sana, ila ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo una kaptula, Mwalimu, na kitambaa kimekwisha. Mwache arudie darasa. Nitamwambia barua hii umeikataa.