Vita vya Saa Moja Iliyopotea Tunduma

Sogeeni, enyi wenye bando na enyi mnaoishi kwa hotspoti ya jirani. Lazeni simu zenu kifudifudi, nanyi mliokuja kubishana tu, bishaneni kwa sauti ya chini. Nawasimulia habari ya Scola binti Kalisti, fundi cherehani wa Tunduma, Mwenye Kidole Kisichotetemeka, aliyetoka kwenda kupigana na Wilbard wa Iyula, Bwana wa Neno la Mwisho, mbele ya macho ya watazamaji mia na kumi na wawili, ambao watatu kati yao walikuwa wameingia kwa kubonyeza vibaya. Nawe mnara uliosimama juu ya kilima, mpaji wa mtandao na mnyang'anyi wa mtandao, nishike mkono nisikatike katikati ya maneno.

Kwanza mjueni adui. Wilbard alikuwa na ekari mbili za kahawa alizoachiwa na babaye na ukurasa wa mtandaoni ulioitwa Darubini, ambako kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, aliwahukumu wakubwa wa dunia. Simu mpya ikizinduliwa ng'ambo, yeye ambaye hajaigusa wala hataigusa alitangaza kwamba kamera yake ni ya kitoto. Mtangazaji mmoja wa televisheni aliposoma kama habari ya kweli picha iliyotengenezwa na akili mnemba, Wilbard alimpiga mijeledi siku nne mfululizo, na chini ya chapisho lile watu mia sita walitukaniana wazazi hadi wakamsahau mtangazaji mwenyewe. Ubishi ulipochoka, Wilbard alishuka kutoka juu, akaandika "Nimemaliza," na mambo yakaisha. Katika miaka mitano ya utawala wake hakuwahi kukiri kosa. Alipotabiri jambo lisitokee, alieleza kwamba dunia ndiyo iliyochelewa.

Bwana huyo ndiye aliyeitisha mashindano ya Ngome Kumi, mchezo wa simu ambamo vikosi hushuka kutoka angani, huokota bunduki na kuuana mpaka kibaki kimoja. Amri yake ilikuwa fupi: kila kikosi kicheze mechi moja tu, Ijumaa, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, kisha nahodha atume skrinshoti ya pointi, na vikosi viwili bora vitaingia fainali. Scola aliongoza mashujaa wawili. Wa kwanza alikuwa Lwitiko wa Saza, aliyepanda kutoka shimo la dhahabu kwa ajili ya mechi hiyo, tope hadi kwenye kope. Wa pili alikuwa Ikupa wa Mbebe, aliyepigana akiwa amesimama juu ya kichuguu, maana mtandao wa kwao unapatikana juu ya kichuguu tu.

Na walipigana, jamani. Scola, ameegemea cherehani yake, uzi ukiwa bado mdomoni, aliangusha maadui kumi na tisa kwa mkono wake mwenyewe, na alipomwangusha wa mwisho alipiga ukelele uliowafanya madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani wachungulie wakidhani geti limefunguliwa. Akapiga skrinshoti, akaituma, akarudi kwenye kushona.

Jumamosi asubuhi ukurasa wa Darubini ukanguruma. Wilbard aliibandika skrinshoti ile na kuzungushia duara jekundu pembe yake ya juu, pale simu inapoonyesha saa. Iliandikwa saa nane na dakika ishirini. Kwa hiyo, alinena Wilbard, kikosi hiki kilicheza kabla ya muda, kikacheza mara nyingi kadiri kilivyotaka, kisha kikachagua matokeo yaliyokipendeza. Kisipoleta utetezi hadi saa kumi na mbili jioni kitafutwa, na nahodha wake ajulikane mkoa mzima kuwa ni mwongo wa saa. Nimemaliza.

Mtu yeyote wa Tunduma angeweza kueleza kilichotokea, hata aliyelala. Ng'ambo ya barabara ni Zambia, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Simu za mji ule hazina uzalendo: ukiiweka mezani, inavizia, inarukia mnara wa kule, inaiga saa ya kule, kisha inarudi nyumbani kimyakimya na saa ya watu ndani yake, na huweza kukaa nayo hadi jioni. Ndiyo maana pale mtu akikuambia tukutane saa nne unamuuliza kwanza, ya huku au ya kule? Na kosa la Scola lilikuwa kosa la mtu wa Tunduma tu. Hakuitazama saa kabla ya kupiga picha, kwa sababu tangu anunue simu ya kwanza alishazoea kutoiamini.

Alieleza yote hayo kwenye komenti kwa adabu, akianza na "kaka Wilbard." Wilbard alijibu kwamba yeye amefika Tunduma mara mbili, simu yake haikuhama, na kwamba visingizio vya namna hiyo vinamfaa mwanafunzi aliyechelewa. Wenzake Scola nao hawakuwa na silaha ya kumsaidia: Lwitiko hakupiga skrinshoti kwa sababu alikuwa anaruka kwa furaha, na simu ya Ikupa ilizimika chaji mara tu ushindi ulipopatikana.

Fainali Scola angeweza kuikosa, akanuna, akalala, akaamka. Lakini kabla ya saa sita mchana mteja mmoja, mama mtu mzima anayesali naye kanisa moja, alimnyang'anya utepe kwa upole na kujipima kiuno mwenyewe, akisema ni kwa usalama tu. Scola aliumia. Fundi ambaye vipimo vyake haviaminiki amebaki na mkasi na kiti, na yote hayo kwa sababu ya duara jekundu la mtu aliyekaa chini ya mibuni huko Iyula.

Akatuma salamu za vita: atathibitisha kwa macho ya watu wote. Wilbard akakubali, ila kwa sharti. Video ya kurekodi hataipokea, kwani siku hizi akili mnemba inaweza kumfanya hata mbuzi asome taarifa ya habari. Iwe laivu, simu ionekane muda wote, na isikatike hata sekunde moja.

Saa tisa jeshi likatoka. Scola alitangulia, simu yake ameinyanyua juu kifuani kama askofu na msalaba, na nyuma yake Restuta, muuza viazi wa kibanda cha jirani, akimrusha laivu kwa simu yake yeye. Wakapita malori, wakapita wabadilisha fedha, wakafika kwenye mtaro wa mpakani. Na simu ya Scola, ile ambayo kila siku ilihamia Zambia bila kuaga, siku hiyo ikasimama nyumbani kwa uaminifu wa kutisha. Wakangoja. Scola akaishusha, akaipandisha, akaizungusha, akaiombea. Mwishowe ikaruka, lakini dakika ileile simu ya Restuta nayo ikaruka, bando la Tanzania likakataa kuvuka mpaka, na laivu ikakatika mbele ya watazamaji themanini.

Waliporudi hewani baada ya dakika sita, Wilbard alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha enzi. Dakika sita, aliandika, zinamtosha mtu kuingia kwenye mipangilio ya simu na kurudisha saa nyuma hata mara kumi. Chini yake vikatapakaa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Nimemaliza.

Hapo ndipo alipotokea Gibson wa Nakonde, mji wa ng'ambo upande wa Zambia, Mwenye Subira, ambaye historia inapaswa kumtendea haki. Alikuja kibandani, jeshi likiwa limesharudi, kama alivyokuja kila Jumamosi, kuulizia suruali yake ya harusi ya dadake. Scola alipomwona aliona jambo moja tu: simu yenye laini ya Zambia, ambayo haiwezi kuhama kwa sababu tayari ni ya kule. Akamweleza shida yake yote kwa pumzi moja na kumwomba amrushie laivu. Gibson akasikiliza mpaka mwisho, akaivua kofia, akamsalimu kwa Kibemba, akanena.

"Ba Scola, mulishani. Simu nitakupa, bando lipo. Lakini wewe unalia kwamba watu hawaamini saa yako. Mimi umeniambia njoo kesho mara tisa. Hiyo kesho yako ni ya huku au ya kule?"

Restuta alijifanya anapanga viazi. Scola, aliyestahimili mishale ya mkoa mzima, huu ulimwingia barabara, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Na hakuna mahali ambapo ukweli unauma kama mbele ya mteja aliyevua kofia.

"Kaka Gibson, umenipata," akasema. "Keti. Suruali inaisha sasa hivi. Na usiuamini mdomo wangu, itazame sindano."

Akakaa kwenye cherehani. Simu yake, iliyokwisha kurudia saa ya huku, akaiweka pale inapokaa siku zote, upande wa kulia wa meza, karibu na mkebe wa vifungo, na Gibson akaielekezea kamera yake, akawasha laivu. Ikaanza saa kumi na dakika hamsini na moja, na yote yaliyofuata yanajulikana, kwa maana watu waliyaona. Mguu wa shujaa ulikanyaga pedali. Sindano ikashuka kama mvua ya Mbozi. Ukaisha mshono wa mguu wa kushoto, ukaisha wa kulia, ukaja mkanda, ikaja zipu, na zipu ile ikakataa, akaifumua, akairudia. Watazamaji walikuwa ishirini, wakawa sitini, wakapita mia. Wengine waliandika kwamba hawajui wanatazama nini ila hawawezi kuondoka. Mmoja akamuuliza mwenye kamera kama huyo fundi ni mtu wa kuaminika, na Gibson, ambaye hajui kupaka mtu mafuta, akajibu kwa sauti iliyosikika hadi Iyula: "Kwa suruali ni mwongo. Kwa saa, tuone."

Scola alikuwa hatazami simu tena. Hilo liandikwe. Alikuwa ameinama kwenye pindo, akishona kwa aibu na kwa bidii, akitaka angalau mtu mmoja duniani apate alichoahidiwa. Na simu, kwa kuona hakuna anayeijali, ikafanya kama inavyofanya siku zote. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nane. Bila kuguswa na mkono wa mwanadamu, mbele ya mashahidi mia na kumi na wawili, ikawa saa kumi na dakika nane.

Kiazi kikamdondoka Restuta. Gibson hakutikisa kamera hata kidogo, na kwa hilo tu alistahili suruali mbili. Scola akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kisha ndipo akauliza watu wanashangaa nini.

Ukumbi ukahamia kwenye grupu la mashindano. Pale juu ya skrini ikaonekana: Wilbard anaandika. Ikapotea. Anaandika. Ikapotea. Lwitiko, kutoka Saza, alituma ujumbe kwamba amekataa kurudi shimoni mpaka aone. Ikupa hakushuka kichuguuni. Robo saa nzima yule bwana aliandika na kufuta, na hakuna ajuaye ni hotuba ngapi zilizofia kidoleni mwake, ni lawama gani kwa minara, ni hoja gani kuhusu akili mnemba na mbuzi. Ilipotimu saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, ya huku, likatoka neno moja, kwa herufi ndogo, bila nukta.

"sawa"

Nalo duara jekundu likafutwa, na jina la kikosi likarudishwa kwenye orodha. Enyi watu wa baadaye mtakaoandika mambo ya mkoa wa Songwe, acheni nafasi hapo. Wafalme wamewahi kusalimu amri na majeshi yamewahi kuweka silaha chini, hayo ni ya kawaida. Lakini mtu kubishana mtandaoni, akaonyeshwa, akakubali, hilo lilitokea Tunduma, Jumamosi, kibanda cha kwanza baada ya wauza viazi.

Fainali yenyewe walitolewa dakika ya nne. Scola alipigwa risasi akiwa bado angani. Hakujali sana.

Jumatatu alikwenda stesheneri akachapisha lile neno kwenye karatasi kubwa, akalibandika ukutani juu ya cherehani. Mama mmoja mgeni, aliyekuja na kitenge chake, alisimama mlangoni akalisoma, akauliza ni la nini.

"Kuna mtu alikosea mtandaoni," Scola akasema, "akakubali."

Yule mama akaitazama karatasi mara ya pili, kisha akavua viatu, akaingia, akanyoosha mikono apimwe.