Mwezi Kwenye Simu ya Kijino

Jumatano, 6 Machi
Msimamizi wa meza ya kukatia kastaafu. Miaka kumi na moja nashona kola za sare, shingo imepinda kama ndoano. Nani mwingine apewe meza? Lakini Madamu, mwenye karakana, katangaza tumebaki wawili: mimi na Kijino. Kijino! Kaja juzi tu, muda wote meno nje. Madamu kasema msimamizi ni mtu anayepatikana. Jumamosi asubuhi atatupigia wote. Atakayepokea na kufika kwanza, meza yake. Nimetabasamu. Roho inaniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua siri. Juu kabisa ya kioo cha simu ya Kijino, karibu na betri, kuna alama ya mwezi mchanga. Yangu haina. Kumbe ndiyo maana mambo yanamnyookea! Mwezi uko juu, unaona kila mahali. Simu yenye mwezi itakosaje mtandao? Jioni nikamuuliza mke wangu kama anazijua alama za simu. Akasema anazijua, nilete anionyeshe. Nikamwambia nilikuwa nampima tu. Sifundishwi simu na mtu anayemenya vitunguu.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi imekwisha. Mchana Kijino kaenda kunawa, simu kaiacha kwenye cherehani. Haina hata nywila. Mtu asiye na siri hana akili. Nikavuta kioo chini, nikaubonyeza mwezi wake, ukazimika. Yangu nikaivuta vilevile, kumbe mwezi umejificha humo, nikauwasha. Karudi, kanimegea nusu ya mkate wake. Nimekula, sikushukuru. Kikulacho ki nguoni mwako, na leo nguo ni yake.

Jumamosi, 9 Machi
Tangu alfajiri nimevaa viatu, simu mfuko wa shati, karibu na moyo. Kimya. Nikasema Madamu kalala. Jua lilipokuwa utosini ndipo nikaitazama: kanipigia mara saba. Nimekimbia mpaka watu njiani wakanipisha. Nimemkuta Kijino mezani, chaki sikioni, akiwasimulia wenzetu kwamba kazini huwasha mwezi simu isimsumbue, kisha husahau kuuzima, hata mama yake mzazi humlalamikia. Safari hii, kwa rehema za Mungu, umejizima wenyewe. Madamu kaniambia mtu asiyepokea simu abaki na kola zake. Kijino kanishika mkono, kasema tutasaidiana, kaka. Nimeingia chooni nikalia, maji nimeyafungulia ili wasinisikie.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kauzima ule mwezi. Kanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji, kwamba kazi yake ni kuinyamazisha simu. Kasema angeniambia tangu Alhamisi. Kosa si langu, ni la mwezi. Kitu cha usiku lazima kilale.

Sasa Madamu kaleta ujumbe: anatafuta mtunza stoo ya vitambaa. Kazi ya kukaa kitini, shingo ipone! Jioni hii atanipigia, na hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Mke wangu kaomba aikague simu kwanza. Nimekataa, amenidhalilisha vya kutosha. Nimejichagulia alama mwenyewe: ndege. Ndege haizuiwi na ukuta wala mlima. Nimeibonyeza, na hata vile vijiti vya mtandao vimetoweka, vimeipisha njia.

Viatu nimeshavaa.