Bata wa Mombo Alivyofika Japani

Jumatatu, 3 Februari 2025. Korogwe.

Nimekuja kwa binti yangu Zuena kutibiwa mgongo. Leo nimeusahau mgongo wenyewe. Chumba cha nyuma, ambacho mtu mwenye akili angeweka magunia ya mahindi, yeye ameweka seva. Sanduku jeusi, taa za kijani zinakonyeza, feni inavuma kama mzinga wa nyuki. Nilivua kofia bila kuambiwa.

Amenieleza mara moja nikaelewa, maana mimi huelewa mara moja. Kila mtu anatengeneza kufuli lake na ufunguo wake. Ufunguo anabaki nao. Kufuli analiacha wazi hapa kwenye seva, limeandikwa jina lake, yeyote alichukue. Ukitaka kumwandikia siri, unachukua kufuli lake unabana barua yako nalo. Hapo hata wewe uliyeibana huwezi kuifungua. Nikauliza, hata polisi? Hata polisi. Hata jini? Akasema baba, jini hatujamjaribu.

Noonkipa, yule mama wa Kimasai anayesimamia kesi za ardhi za wafugaji kule kwetu Handeni, hupata barua zake kwa njia hii. Zuena halipwi kitu, anasema ni kwa faida ya watu. Mimi nimechimba kisima kwenye mwamba mpaka maji yakatoka, mtu hanishangazi kirahisi. Leo nimeshangaa.

Jumanne, 4 Februari.

Amenitengenezea kufuli langu, na barua pepe kwenye simu yangu. Mahali pa jina nikamwambia aandike Kibwana, Bingwa wa Handeni Yote na Sehemu za Kilindi. Ameandika Kibwana tu. Eti jina likishaingia humu halitoki, tusije tukajuta. Nikauliza nani anahakikisha kwamba jina ni la mwenyewe. Hakuna. Unaandika unachotaka. Hiyo nimeiweka kichwani.

Sokoni nimemkuta Matayo, Mshambaa wa Bungu, anauza parachichi. Sisi Wazigua na wao ni watani, kwa hiyo alinitangazia mbele ya wanunuzi kwamba mgongo wangu umepinda kwa kuchungulia vyungu vya majirani. Watu hoi kwa kicheko. Mtani hakasiriki. Akikasirika ameshindwa, na atachekwa mpaka siku ya kuzikwa. Nikacheka na mimi. Kwa meno tu.

Alhamisi, 6 Februari.

Zuena kaenda kazini. Nimeingia chumba cha nyuma. Nimevua kofia tena, si kwa woga, ni heshima. Nikabonyeza pale alipobonyeza yeye juzi, kufuli jipya likazaliwa. Jina nikaandika kwa kidole kimoja: Matayo wa Bungu, Aliyekimbizwa na Bata Mombo Akaacha Kiatu. Ni kweli tupu. Nilikuwepo. Bata mwenyewe alikuwa mdogo.

Nikatuma. Taa zikakonyeza. Nadhani seva nayo ilicheka.

Ijumaa, 7 Februari.

Zuena ameliona. Hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Amenikalisha. Kumbe seva yake haiko peke yake. Ziko nyingine duniani, zinapashana habari usiku na mchana kama wanawake kisimani. Kufuli likiingia kwa mmoja linakwenda kwa wote. Bata wa Mombo sasa hivi yuko Ujerumani. Yuko Brazili. Yuko Japani.

Mimi nilimaliza darasa la kwanza la watu wazima, la pili sikurudi. Na maneno yangu yako Japani.

Akalifuta mbele yangu. Tukanywa chai. Kurudi, kufuli lipo palepale. Seva za majirani zimeona kwake limepungua, zikamrudishia. Kwa wema kabisa. Nimeuliza kama zinaweza kurudisha na mbuzi wangu aliyepotea mwaka juzi. Hakucheka.

Akaniambia ipo sheria ya taarifa binafsi. Jina la mtu ni la mtu. Matayo akimtaka rasmi afute, lazima afute. Na kufuta hakuwezekani, nimejionea. Basi kitakachobaki ni kuizima seva, na hiyo ni kazi yake ya miaka. Alitazama mlango wa chumba cha nyuma aliposema hivyo. Nikamwambia alale usingizi, mtani hawezi kwenda kushtaki utani, ni aibu ya ukoo mzima. Akasema, baba, sheria haina watani.

Nimewaza sana neno hilo. Kitu kisicho na watani ni kikubwa mno.

Jumapili, 9 Februari.

Jana nilimwambia Matayo mwenyewe, niione sura yake ikianguka. Haikuanguka. Aliketi, akaniomba nirudie pale pa Japani. Leo ametundika boksi limeandikwa PARACHICHI ZA MATAYO ANAYEJULIKANA JAPANI. Wanunuzi wamejaa. Anawasimulia habari ya bata kwa mdomo wake, ila bata amekuwa mkubwa kama ndama na kiatu alikirusha makusudi.

Mimi niliyemfikisha huko, hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari. Japani wananijua kama Kibwana tu. Kibwana tu! Wako Kibwana wangapi.

Nikamwambia mtani, lakini si umedhalilishwa? Akasema Mzigua, tangu lini Mzigua akamdhalilisha mtu.

Jumatano, 12 Februari.

Unyama umefanyika. Matayo ana mwanaye anaitwa Dunstan, mwalimu, anazijua mashine. Kutoka hukohuko Bungu wametuma kufuli, na Zuena amenionyesha mwenyewe, kabana midomo asicheke: Kibwana wa Handeni, Aliyelia Kabla Sindano Haijamgusa.

Ni ile sindano ya mgongo niliyodungwa begani hospitalini juzijuzi. Uongo. Nililia ilipokwisha kunigusa.

Nikavaa kanzu na kofia, nikamsimamia Zuena pale jikoni. Nikamwambia simwombi kama baba yake, namtaka kama mwenye jina, kwa mujibu wa sheria, alifute. Akaacha kusonga ugali. Akanikumbusha mtani hakasiriki. Nikasema sijakasirika. Akanikumbusha seva. Nikasema sheria ni sheria. Akauliza, baba, umefikiri? Nikasema mimi hufikiri mara moja.

Alizima moto kwanza, akafunika sufuria, ndipo akaenda chumba cha nyuma. Nilifuata mpaka mlangoni. Alilishika lile sanduku kama anavyoshika mtu paji la mtoto mwenye homa. Taa zikafa moja moja. Feni ikakata. Sikujua kwamba nyumba ile ina kimya kikubwa hivyo.

Kwa hiyo sheria imenisikia. Mimi, Kibwana, nimesema neno moja na mtambo unaoongea na dunia umenyamaza. Nilitaka kufurahi.

Noonkipa akapiga simu kuuliza mbona hapati kufuli za watu. Nilimsikia Zuena akimwambia kuna mtu ameomba haki yake. Hakumtaja. Noonkipa akauliza tena, hakumtaja.

Ugali ulikuwa umepoa. Tulikula hivyohivyo. Nikauliza taratibu, na Japani wamezima? Akasema hapana. Kila seva na mwenyewe, kila nchi na sheria yake. Wanaojua nililia ni dunia nzima, kasoro Korogwe.

Halafu Korogwe nayo ikajua. Matayo amekuja jioni na kikapu cha parachichi. Alijishika bega tu, akafumba macho, akasema uwi, akaondoka. Nimekasirika, nimeshindwa, na ushahidi upo.

Jumamosi, 15 Februari.

Feni inavuma tena. Nimeamka kwa sauti hiyo nikatoka bila viatu. Zuena hakulala, macho mekundu, lakini anaimba. Ameweka seva ya aina nyingine kwenye sanduku lilelile. Hii haipashani umbea na wenzake. Inapokea kufuli, ila jina hailionyeshi mpaka mwenye jina athibitishe kwenye barua pepe yake, kwa simu yake. Akitaka lifutwe, linafutwa, na halirudi. Noonkipa ameshajiandikisha tena. Nimesimama pale mlangoni na kofia mkononi. Binti yangu amejenga mlango unaomuuliza kila mtu, wewe ni wewe? Sijui alirithi wapi akili hizi. Nadhani kwangu.

Akanishika mkono akasema, baba, sasa hakuna atakayeandika jina la mwenzake. Nikasema kabisa.

Isipokuwa awe na simu yake.

Nimekwenda sokoni kwa Matayo, nikasema mtani, salio limekata, niazime simu niwasalimie Handeni. Kanipa papo hapo. Washambaa hawana akili. Kufuli nilishalituma asubuhi, barua pepe yake ipo kwenye lile boksi la matangazo. Nilijificha nyuma ya magunia ya mkaa nikathibitisha: Matayo wa Bungu, Bata Bado Anamtafuta. Nikamrudishia simu, nikamwambia Handeni wote wazima.

Akasema anashukuru, na kwamba Bungu nao ni wazima. Maana leo asubuhi naye alipita nyumbani akaazima yangu awasalimie. Aliishika muda mrefu sana, na sikumbuki kama nilimsikia akisema haloo.