Fimbo Iliyoruka Shimo la Pili Isianguke

Jamani, leo nimeaibika, tena mbele ya watu wazima waliovaa soksi ndefu. Bora nisimulie mwenyewe kabla rafiki yangu Hamisi hajaanza, maana yeye huwa anaongeza chumvi mpaka mboga inakataa.

Mnajua nacheza gofu. (Ndiyo, fundi simu wa South Beach anacheza gofu. Fimbo niliachiwa na mteja aliyehama mji. Acheni kushangaa.) Wengi wenu mnajua pia kwamba handikapu yangu imeganda kwenye ishirini na nane kwa miaka miwili. Kwa asiyejua, hiyo ni namba inayoonyesha unazidisha mapigo mangapi kuliko mchezaji mzuri katika mashimo kumi na nane. Ikishuka, umeendelea. Yangu haishuki.

Nimejaribu kila kitu. Nimebadilisha glavu. Nimebadilisha viatu. Nimelaumu upepo wa baharini, nikalaumu na nyasi. Mwishowe nikaelewa kwamba mimi sina kosa. Kosa liko shimo la pili.

Uwanja wetu ni mdogo, mashimo tisa, upande wa Isipingo. Shimo la pili linapita kando ya kichaka kinene, na kila Jumamosi mpira wangu ukifika pale unavutwa kushoto, unaingia kichakani, haurudi. Halafu kuna sauti. Si ya ndege, si ya gari. Ni mguno, wa chini, wa mtu aliyelala vibaya. (Mipira ya wenzangu haivutwi. Nilijiambia kwamba wao hawana cha kuonewa wivu.)

Sasa, mke wangu. Mama Exaucée ni mtu wa Bukavu, ana saluni, na hana maneno mengi. Wiki iliyopita aliniambia hivi:

"Papa Exaucée, miaka mbili, kila samedi uko paka kwa majani. Miye niko peke yangu na vichwa kumi. Hii samedi ile namba ikikataa kushuka, fimbo zinabaki nyumba, unakuja saluni."

(Samedi ni Jumamosi, na paka kwao ni “tu”, si mnyama.) Nikakubali. Ningefanyaje? Lakini niseme ukweli, roho iliniuma. Jumatatu hadi Ijumaa nainamia vioo vya simu vilivyopasuka. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayoinua kichwa. (Hamisi anasema hilo ndilo tatizo lenyewe: naupiga mpira nikiwa nimeinua kichwa.)

Basi Jumatano nikaenda kwa mama mchungaji wa kanisa letu, nikamweleza habari za mguno. Hakucheka. Akanipa kichupa cha mafuta ya upako.

"Upake kwa paji ya uso," akasema. "Kidogo tu. Ingine umuachie Mungu."

Kidogo tu. Lishikeni hilo neno, mimi sikulishika.

Leo alfajiri Hamisi akanipitia. Hamisi ni Mtanga, anauza viatu Isipingo, na ndiye aliyenifundisha huu mchezo. Njia nzima robot, yaani taa za barabarani, zilikuwa kijani. Zote. Ningekuwa na akili timamu ningerudi kulala.

Tulipofika, ukungu ulikuwa umelala uwanjani mzima. Bendera ya shimo la kwanza hatukuiona. Hadida, wale ndege wenye mdomo mrefu, walikuwa wanalia mahali fulani juu yetu, na hatukuona hata mmoja. Shimo la kwanza nikalimaliza kwa mapigo saba. Kawaida yangu.

Tukahamia la pili. Huko ukungu ulikuwa mzito zaidi, na kulikuwa kimya. Hata hadida walinyamaza. Hamisi akaniita kwa sauti ya chini.

"Kaka, tazama umande."

Nikatazama. Juu ya nyasi zilizolowa kulikuwa na mistari miwili iliyonyooka, inatoka upande wa kichaka, inapita mbele yetu, inapotelea ukunguni. Hakuna nyayo. Nyasi zilizolala zilikuwa bado zinainuka polepole, yaani kilichopita kilikuwa kimepita sasa hivi, na sisi tulikuwa tumesimama palepale bila kusikia kitu.

"Ni nini?" nikauliza.

"Usiniulize mimi," akasema Hamisi, na nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anasoma dua.

Na hapo mguno ukatoka kichakani. Mrefu kuliko siku zote.

Nikatoa kichupa. Nikapaka paji la uso. Nikaona haitoshi. Nikafikiria: kinachoharibika kila wiki si paji la uso, ni fimbo. Nikachukua ile fimbo kubwa ya kuanzia, ninayoipenda kuliko zote, nikaimwagia mafuta kwenye mpini. Nikapaka vizuri kwa mikono miwili, kama mtu anayemwandaa kuku. Nikafunika kichupa haraka haraka, nikakitia mfukoni.

"Wewe," Hamisi akasema, "umevua glavu?"

Nilikuwa nimevua. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Mpira ulisogea hatua tatu. Fimbo ikaondoka. Niliihisi ikinitoka mkononi bila ubishi, ikapaa, ikazunguka mara moja, ikamezwa na ukungu.

Tukasubiri ianguke.

Haikuanguka. Ndugu zangu, nawaapia. Hakuna kishindo, hakuna tawi lililovunjika, hakuna mtu aliyepiga kelele. Tulisimama pale mpaka shingo zikauma. Kilichopanda juu hakikushuka.

"Imepokelewa," Hamisi akanong'ona.

Tulitafuta, tukishikana mashati kama watoto wa chekechea. Hatukuona fimbo. Tuliona tu ile mistari miwili kwenye umande, na safari hii ilikuwa na mafungu madogo ya majani yaliyokatwa, mabichi, yanayonukia. Hamisi akasema hatafuti tena, ana mke na watoto.

Ikabidi niendelee bila fimbo kubwa. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikashika namba saba, ile fupi ambayo siku zote naidharau. Nikawa napiga kidogo kidogo, kichwa chini, kwa sababu niliogopa kutazama juu. Mpira ukaenda mbele. Ukaenda tena. Shimo la tatu, la nne, la tano, hakuna kichaka, hakuna kuvutwa. Ukungu ukaanza kupungua. Shimo la tisa Hamisi akajumlisha, akajumlisha tena.

"Arobaini na nane," akasema. "Kaka, hujawahi kushuka chini ya hamsini."

Nililia kidogo. Siyo aibu. Handikapu ilikuwa inashuka, na Jumamosi zangu zilikuwa zimepona. Tukatia saini kadi ya matokeo, nikaikunja kwa heshima, nikaiweka mfukoni.

Chumba cha wanachama kilikuwa kimejaa. Nilikuwa kwenye foleni ya kurudisha kadi mlango ulipofunguliwa na Baba Mthembu, mzee anayekata nyasi. Mkononi alikuwa na fimbo yangu.

Akaeleza kwa Kiingereza chake cha polepole. Alikuwa anapita na kile kigari cha betri kisicho na sauti, amebeba rundo la majani nyuma. Alipofika kwenye banda lake akakuta fimbo imelala juu ya majani. Hakujua ya nani. Akainusa.

"Mwenyewe ni nani?" akauliza. "Maana imekaangwa."

Chumba kizima kikacheka. Mimi nikatazama dirishani. Hata Hamisi alitazama dirishani. Lakini Baba Mthembu alinitazama mimi: paji la uso linang'aa na wadudu wadogo watano wamenasa, suruali ina alama za viganja viwili.

"Bhuti," akasema, yaani kaka, akanikabidhi, "miaka miwili nakuona unapigana na hii. Ilipokutoka, umechezaje?"

Nikamuuliza kuhusu mguno.

Akanikazia macho. "Mguno gani?"

Zamu yangu ikafika. Katibu wa mashindano, mama mwenye miwani ya kamba, akanyoosha mkono. Nikaingiza wangu mfukoni, na hapo nikakumbuka kichupa. Kilikuwa kitupu. Kadi ilitoka imelowa, unaona upande wa pili kama karatasi ya maandazi. Namba za kalamu zote zilikuwa zimeogelea, zikawa wingu moja la buluu.

"Siwezi kupokea hii," akasema.

"Ni arobaini na nane. Shahidi yupo."

"Naona mafuta tu."

Nilipofika nyumbani Mama Exaucée aliishika ile kadi kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga.

"Namba iko wapi?"

Nikamwelezea yote, tangu ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akachukua funguo za saluni.

Mama mchungaji amenipigia sasa hivi, anataka kujua kama kile kizuizi kimeondoka uwanjani. Nimemjibu ndiyo, mama, kimeondoka kabisa, kiko saluni kinafagia nywele.