Mume Aliyekunywa Dawa za Mkewe

Temeke,
Mei, 1953

Kwa Bwana Daktari Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini hali yako ni njema kuliko yangu. Mimi ni Projestus, karani wa bohari, mzaliwa wa Bukoba. Namshitaki kwako Nesi Felicitas wa kliniki ya wajawazito ya mtaani kwetu. Mke wangu Avelina ana mimba ya miezi sita, na nesi huyo amemwambia, "Usimeze dawa yoyote kabla hujaniuliza, hata ikiwa ni majani tu." Kutokana na maneno hayo nimepatwa na haya:

1. Mama yangu mzazi, Kokuberwa, alisafiri kwa meli na treni akiwa na mzigo wa mizizi ya kumchemshia mkwewe. Avelina alipiga magoti akapokea kikombe, akasema, "Asante mama, ngoja nimuulize nesi kwanza." Mama alilia. "Nimezaa saba kwa mizizi hii! Huyo nesi amezaa wangapi?" Nilipeleleza, nikaambiwa hajazaa. Kwa kuwa napenda amani nyumbani, nilikichukua kikombe nikaingia nacho chumbani, nikakinywa mimi. Mama alipoona kitupu alifurahi sana, akaongeza dozi.

2. Mwenye nyumba wetu, Bi Tunu, hakukubali kushindwa na mtu wa bara. Yeye analeta dawa ya pwani ya kulegeza nyonga. Hiyo nayo nainywa. Nyonga zangu sasa zimelegea, jambo ambalo karani wa bohari hana haja nalo.

3. Mwezi uliopita Avelina alishikwa na homa kali. Nikasema, leo tutaona kama nesi atamwacha mgonjwa afe kwa masharti yake. Bwana Daktari, nesi alimpima damu, akampa vidonge vya malaria kwa mkono wake, akamsimamia mpaka akameza. Akamwambia homa ikiachwa itamdhuru yeye na mtoto. Kumbe dawa si haramu. Haramu ni sisi.

4. Bwana Apolinari, msimamizi wangu, ameona ninavyokimbilia chooni, tena nimeanza kutapika asubuhi. Juzi aliniuliza mbele ya watu, "Karani, una mimba?" Bohari nzima ilicheka. Mimi sikucheka, maana hali ya tumbo langu haikuniruhusu.

5. Avelina ananenepa na uso unang'aa. Mama anasema ni mizizi yake, Bi Tunu anasema ni dawa yake, na wote wawili wananitazama mimi nilivyokonda wakisema nina wivu.

Kwa hiyo naomba Nesi Felicitas ahamishiwe mahali ambapo wanawake hawana wakwe. Ikishindikana, nami niandikishwe kliniki, nipewe kadi, nipimwe uzito kila Alhamisi pamoja na wenzangu.

Nisalimie Bibi Daktari, makarani wa ofisini kwako na mlinzi wa mlangoni. Nesi Felicitas naye msalimie, kwa kiasi.

Ndimi mtiifu wako, mwenye tumbo linalosokota,
Projestus

N.B. Jana jioni, baada ya kutia sahihi, vikombe vilinishinda. Nilivimwaga vyote viwili kwenye pumba za mbuzi wa Bi Tunu, na mbuzi huyo naye alikuwa na mimba. Leo asubuhi tumekuta mimba imeharibika. Vitoto vilikuwa viwili. Nimewaeleza ukweli. Bi Tunu ameketi uani, mama kando yake, na hakuna aliyemlaumu mwenzake, kwa sababu hakuna ajuaye ni kikombe cha nani. Kisha mama aliinuka, akaitupa mizizi yote shimoni, akamshika Avelina tumbo kwa mikono miwili. Akamuuliza, "Mwanangu, huyo nesi anafungua saa ngapi?" Wamekwenda wote watatu. Barua naituma kwa kuwa stempu nimekwisha kuibandika, lakini tafadhali, Bwana Daktari, anza kuisoma hapa, na yaliyo juu usiyasome.